Mana Iliyolazwa Hadi Asubuhi

Mwezi Agosti mwaka 2012, jopo la raia lililoketi mahakamani San Jose, California, liliamua kwamba kampuni ya Samsung ilitumia bila ruhusa mambo yaliyobuniwa na kampuni ya Apple, na kwamba ilipe zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani. Habari hiyo ilitukuta sisi wanakwaya tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya usharika wetu, mkoani Kagera, tukimngoja mwalimu wa kwaya. Wengi wetu tulikuwa na simu za tochi. Hata hivyo tulibishana kama washabiki wa Simba na Yanga. Huyu aliwaita Samsung wezi, yule akasema Apple ni walafi wanaotaka kumiliki hata umbo la mstatili wenye pembe za mviringo. Kila mmoja alijua nani amefunga bao.

Bibi mmoja, mjane ambaye kila Jumamosi hufagia kanisa, alisimamisha ufagio wake akatusikiliza. Kisha akauliza, "Wajukuu zangu, hiyo hataza mnayoigombania ni kitu gani?"

Mmoja wetu akamjibu, "Bibi, ni haki ambayo serikali inampa mtu aliyevumbua kitu. Kwa miaka fulani hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza wala kukiuza bila idhini yake."

Bibi alinyamaza kidogo. "Kumbe ndiyo ile ile ya dawa," akasema, akaendelea kufagia.

Tulielewa. Bibi huyu alizika watoto wake watatu kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijafika katika hospitali zetu. Mkoa wetu ndio ulioripoti wagonjwa wa kwanza nchini, mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata kazi kubwa ya usharika ilikuwa mazishi. Hakuna kati yetu aliyemjibu siku ile. Makala hii ndiyo jibu letu, nalo limechelewa.

Hataza ni agano

Tuanze kwa kuitendea haki hataza yenyewe, maana ni rahisi kulaani jambo tusilolijua. Mwaka 1474 mji wa Venice ulitunga sheria ya kumlinda kwa miaka 10 mtu aliyeleta kifaa kipya ambacho hakijapata kutengenezwa mjini humo. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza, likiwa limechoshwa na wafalme waliogawa ukiritimba kwa marafiki zao hata wa kuuza vitu vya kawaida kabisa, liliufuta ukiritimba huo, likaacha mlango mmoja tu wazi: mvumbuzi wa kitu kipya alindwe kwa miaka 14. Siku hizi nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, lililoanza kazi mwaka 1995, zimekubaliana juu ya miaka isiyopungua 20 tangu siku ya maombi.

Jina ambalo Wazungu wanaiita hataza linatokana na neno la Kilatini la barua iliyo wazi, barua ambayo muhuri wake haukuifunga, ili kila mtu aisome. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Hataza haikukusudiwa kuficha. Mvumbuzi anatakiwa kueleza kwa maandishi kitu chake kinavyotengenezwa, kwa namna ambayo fundi mwingine anaweza kukifuata, na jamii nayo inakubali kungoja. Akishafika mwisho wa muda wake, elimu ile inakuwa ya wote. Kwa hiyo hataza ni agano lenye pande mbili, upande mmoja unafundisha na upande wa pili unasubiri.

Sisi Wakristo hatupaswi kushangazwa na agano la namna hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunakutana na Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza ambao Maandiko yanasema walijazwa Roho wa Mungu, na alijazwa ili achonge, afume, ayeyushe dhahabu na kukata vito. Tukisonga mbele hadi sura ya 35 tunaona kwamba Mungu alitia moyoni mwake na moyoni mwa mwenzake Oholiabu jambo la pili, nalo ni kufundisha. Kipawa kilikuja pamoja na wajibu wa kukigawa. Wala hatusomi kwamba mafundi wale walinyimwa chakula. Mtenda kazi anastahili ujira wake, na Bwana mwenyewe amesema hivyo. Mvumbuzi aliyekesha maabara miaka kumi anastahili kula matunda ya jasho lake.

Lakini kitabu hicho hicho, sura ya 16, kinatupa kipimo. Mana iliposhuka jangwani, kila mtu aliruhusiwa kuokota pishi moja, na hakuna aliyeambiwa asiokote. Walichokatazwa ni kuilaza hadi asubuhi. Waliokaidi walikuta imeingia funza na kunuka. Mana ya jioni na mana ya asubuhi ilikuwa mana ile ile, ila muda wake ulikuwa umepita.

Tunaposoma habari za makampuni, basi, hatuna sababu ya kuuliza kama kampuni ina hataza au haina. Tunauliza kama imeshika agano: je, imeokota pishi lake, au imelaza mana?

Makampuni yenyewe yanatuonyesha kwamba njia zote mbili zipo. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa gari unaopita kifuani na kiunoni. Kampuni ilikuwa na hataza mkononi, ikaamua kuwaruhusu watengenezaji wengine wautumie mkanda ule, na leo umefungwa hata katika daladala inayotupeleka Bukoba mjini. Mwaka 1923 Frederick Banting na wenzake, waliokwisha kugundua namna ya kupata insulini, waliikabidhi hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1. Upande wa pili ipo dawa ya baridi yabisi iitwayo Humira. Hataza yake kuu nchini Marekani iliisha mwaka 2016, lakini kampuni ya AbbVie ilikuwa imeizungushia hataza nyingine zaidi ya 100, za vipimo, za njia za kutengeneza na za matumizi, hata wagonjwa wa Ulaya wakapata dawa za bei nafuu mwaka 2018 na wale wa Marekani wakangoja hadi mwaka 2023. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ni mana iliyolazwa tu, na harufu yake waliisikia waliokwenda dukani na cheti cha daktari.

Ile ya dawa

Sasa tumjibu bibi.

Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi vya UKIMWI iliitwa AZT. Aliyeitengeneza kwanza ni mwanakemia Jerome Horwitz, mjini Detroit, mwaka 1964, akitumia fedha za utafiti za serikali ya Marekani. Alikuwa akitafuta tiba ya saratani. Haikufaa, akaiweka kando, wala hakuiombea hataza. Miaka ishirini baadaye, gonjwa jipya lilipotokea, kampuni ya Burroughs Wellcome ilishirikiana na wanasayansi wa serikali ya Marekani kuijaribu dhidi ya virusi. Ilionyesha nguvu. Kampuni ikaombea hataza ya matumizi hayo, na dawa ilipoidhinishwa mwaka 1987 bei yake ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Tazama mfuatano huo: walipa kodi walitoa mbegu, wanasayansi wa umma walipalilia, na mlango wa ghala ukabaki na mwenye ufunguo mmoja.

Mwaka 1996 madaktari walithibitisha kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja zinamwinua mgonjwa kitandani. Magazeti ya Ulaya na Amerika yaliandika habari za watu waliokwisha kuaga jamaa zao wakarudi kazini. Sisi mwaka ule tulikuwa tunanunua mbao za majeneza kwa mkopo. Bei ya dawa hizo tatu ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka, na mshahara wa miaka mingi wa mwalimu wa shule ya msingi usingetosha kununua za mwaka mmoja.

Mwaka 1997 serikali ya Afrika Kusini chini ya Nelson Mandela ilipitisha sheria ya kuiwezesha kupata dawa kwa bei nafuu, ikiwemo kununua dawa halali katika nchi ambako zinauzwa rahisi zaidi. Mwaka uliofuata makampuni ya dawa yapatayo 39 yaliishitaki serikali hiyo huko Pretoria, na jina la Rais Mandela lilikuwa miongoni mwa washitakiwa. Kesi ilivuta miaka mitatu. Ilipoanza kusikilizwa Machi 2001, watu waliokuwa wakiishi na virusi waliandamana nje ya mahakama na ulimwengu ukatazama. Tarehe 19 Aprili mwaka huo makampuni yaliiondoa kesi. Tunapenda kusema haki ilishinda, na kweli ilishinda. Lakini miaka mitatu ni mirefu kwa mtu ambaye daktari amemwambia ana miezi sita.

Mambo mengine mawili yalitokea miezi hiyo hiyo. Huko India, ambako sheria ya wakati ule iliruhusu kiwanda kutengeneza dawa ile ile kwa njia nyingine, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla alitangaza Februari 2001 kwamba angeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa zote tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola 1 kwa siku. Na huko Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale waligundua kwamba dawa mojawapo, stavudini, ilikuwa na hataza ya chuo chao wenyewe, iliyokodishwa kwa kampuni ya Bristol-Myers Squibb. Wakadai chuo kilegeze mkono. William Prusoff, mwanasayansi aliyeshiriki kuvumbua matumizi ya dawa hiyo, alisimama upande wa wanafunzi. Machi 2001 kampuni ilitangaza kwamba haitaidai hataza hiyo Afrika Kusini.

Karibu nasi, Nairobi, alikuwako padri Mjesuiti ambaye pia alikuwa daktari, Angelo D'Agostino. Mwaka 1992 alianzisha kituo cha Nyumbani cha kulea yatima wenye virusi. Mwaka 2001 alisema hadharani kwamba ataagiza dawa za bei nafuu kutoka India kwa ajili ya watoto wake, liwalo na liwe. Tunamtaja kwa sababu tutamhitaji tutakapofika kwenye kosa letu.

Novemba 2001, mjini Doha, nchi za Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kwamba mkataba wa hataza usizuie nchi kulinda afya ya watu wake, na nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, zikapewa muda wa kutofunga dawa kwa hataza, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi mwaka 2033. Bei zikaporomoka. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza kwamba dawa bora kuliko zile za mwanzo zinapatikana kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Hapo ndipo tunapojua kwamba dola 10,000 hazikuwa gharama ya kutengeneza vidonge.

Wanavyojitetea

Si haki kuhukumu bila kusikiliza. Makampuni yanasema kwamba utafiti ni ghali, kwamba dawa nyingi zinazojaribiwa hushindwa, na kwamba bila hataza hakuna atakayetia fedha zake. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kulima shamba ambalo mvua ilikataa. Lakini haijibu swali la bibi. Afrika ilikuwa sehemu ndogo mno ya mapato ya makampuni hayo. Kuwauzia maskini kwa bei ya chini kusingefunga maabara hata moja. Kilichoogopwa ni kwamba mgonjwa wa nchi tajiri angeona bei ya Afrika akauliza kwa nini yake ni kubwa hivyo. Kwa maneno mengine, mlango wetu ulifungwa ili jirani wa mbali asichungulie.

Ikasemwa pia kwamba hospitali zetu hazikuwa tayari. Hili lina ukweli, nasi tunalikiri. Hataza haikuwa kizuizi pekee. Madaktari walikuwa wachache, maabara za kupimia kinga hazikuwepo, bajeti zilikuwa nyembamba, na wako viongozi wa Kiafrika waliokanusha ugonjwa wenyewe. Lakini mtu hajengi zizi kama anajua hatapata ng'ombe. Dawa zilipokuwa hazinunuliki, nani angefundisha wauguzi kuzigawa?

Na lilisemwa neno jingine ambalo hatujalisahau. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani alieleza kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hiyo hawataweza kunywa dawa kwa wakati. Dawa zilipokuja, utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Afrika na wa Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba wa Afrika walikuwa waaminifu zaidi katika kunywa dawa zao. Sisi hatukuhitaji utafiti. Katika mtaa wetu ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikilia redioni, unasikia vikombe vya maji vinagongana nyumba kwa nyumba.

Kosa letu

Kama makala hii ingeishia hapo, ingekuwa rahisi kuiandika. Tungekuwa tumewanyooshea kidole matajiri wa mbali na kufunga kwa sala. Lakini imani haituruhusu kukiri dhambi za wengine tu.

Miaka ile makampuni yalipokuwa mahakamani Pretoria, madhabahuni kwetu tulihubiri nini? Tulihubiri kwamba UKIMWI ni adhabu. Tulisimama mbele ya jeneza la kijana, mama yake amekaa mstari wa mbele amejifunika kanga, nasi tukatumia mauti yake kuonya wengine juu ya uasherati. Watoto watatu wa bibi yetu walizikwa kwa mahubiri ya namna hiyo. Hatukukosea kufundisha uaminifu katika ndoa. Tulikosea kudhani kwamba tukishataja dhambi ya marehemu tumemaliza hesabu, na kwamba bei ya dawa ni mambo ya siasa. Padri mmoja Nairobi alitazama watoto wake akauliza dawa inauzwa wapi na kwa bei gani. Sisi tuliuliza waliambukizwaje.

Bwana Yesu, katika Luka sura ya 16, anatusimulia habari za tajiri na Lazaro. Tukisoma kwa makini hatuoni kwamba tajiri yule aliiba, wala kwamba alimpiga Lazaro, wala kwamba alivunja sheria yoyote ya mji. Nyumba ilikuwa yake na meza ilikuwa yake. Kosa lake ni kwamba kulikuwa na mtu mlangoni, na yeye alipita kila siku akiingia na kutoka. Mwenye hataza anaweza kuwa na haki zote kwenye karatasi na bado akawa tajiri yule. Na mhubiri anaweza kuwa na mafundisho safi na bado akawa amekaa naye mezani.

Tusomeje habari

Turudi kwenye benchi letu la mwaka 2012. Apple na Samsung ziliendelea kushitakiana hadi Juni 2018, zikapatana, na kila moja ikaendelea kuuza simu. Gazeti lilitupa kesi hiyo kama mechi, nasi tukaipokea kama mechi.

Lakini mwaka ule ule, tarehe 20 Aprili, Mahakama Kuu ya Kenya mjini Nairobi ilikuwa imetoa hukumu nyingine. Kenya ilitunga mwaka 2008 sheria ya kupambana na bidhaa bandia, na maneno ya sheria hiyo yalikuwa mapana kiasi kwamba dawa halali iliyotengenezwa na kiwanda kingine ingeweza kukamatwa bandarini kama bandia. Wananchi watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki yao ya kuishi, kupata afya na kuheshimiwa utu wao, na kwamba haki ya mwenye hataza haiwezi kutangulia mbele ya haki ya mtu kuishi. Hukumu hiyo ilitolewa ng'ambo ya ziwa letu, ikahusu vidonge vya aina ile ile vilivyokuwa katika kabati za majirani zetu. Hatukuwa na habari nayo. Tulijua idadi ya dola za San Jose, hatukujua kilichoamuliwa Nairobi.

Huo ndio ukosoaji wetu kwa habari za teknolojia zinavyoandikwa na kwa sisi tunavyozisoma. Zinatutajia aliyeshinda, hisa zilizopanda, na kampuni iliyotangulia. Hazitutajii aliye mlangoni. Hatuwezi kuwaamuru waandishi wa California, lakini tunaweza kuwa wasomaji wa namna nyingine, ambao wakiona neno hataza wanauliza hapo hapo: nani anasubiri nje, na atasubiri hadi lini?

Tujaribu swali hilo kwenye habari ya karibuni. Juni 2024 ilitangazwa kwamba sindano iitwayo lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliopata sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa virusi. Tulisoma tukamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha tukauliza swali letu. Mwenye hataza ni kampuni ya Gilead. Mwaka 2025 bei iliyotangazwa Marekani kwa kinga hiyo ilikuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Safari hii, tofauti na zamani, kampuni haikukawia miaka mingi: Oktoba 2024 ilivipa viwanda sita ruhusa ya kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, na Septemba 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia mwaka 2027 itapatikana katika nchi hizo kwa dola 40 kwa mwaka. Hilo ni jema na tuliseme kwa kinywa kipana. Anayekosoa bila kusifu panapostahili atazoea uchungu. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea miili yao katika jaribio lililofuata, hazimo katika orodha ya nchi 120. Mlangoni bado wapo watu.

Jumamosi moja tulimweleza bibi habari ya sindano hii. Ameshazeeka, hafagii tena, huketi kwenye benchi lile lile huku wajukuu zake wakifagia. Alisikiliza hadi mwisho: sindano mbili kwa mwaka, wasichana elfu mbili na zaidi, hakuna aliyeugua. Hakuuliza kampuni ipi imeshinda.

"Na hapa kwetu itafika lini?" akauliza.

Tulimwambia tunachokijua, kwamba nchi yetu imo katika orodha na kwamba mwaka uliotajwa ni 2027. Akahesabu kwa vidole, akawatazama wasichana waliokuwa wakikokota mikeka nje ya kanisa kuikung'uta vumbi, akasema, "Basi msiache kuuliza."